Kuku mmoja, watu wanane: jaribu wali mwekundu wa Meksiko

Leo sufuria yetu inasafiri mbali kidogo, hadi nchi ya Meksiko, lakini usiogope. Kila kitu tutakachohitaji kinapatikana Kangemi, Kongowea au kwa mama mboga aliye nje ya lango lako.

Nimesukumwa na swali la mama mmoja wa mtaa wa Umoja, Nairobi. Wakwe zake wanakuja chakula cha mchana siku ya Jumapili. Ukiwahesabu na watoto, mezani watakuwa watu wanane. Kuku ni mmoja. Si uchoyo, tarehe ni za mwisho wa mwezi na karo ya shule imekwisha kuchukua chake. Pilau keshawapikia mara mbili wageni haohao. Wali mweupe anauhofia, kwa sababu hudai mchuzi mwingi, na mchuzi wa kuku mmoja ukigawanywa kwa sahani nane, mtu wa mwisho huambulia rangi tu. Aliuliza afanye nini ili wageni washibe na yeye asione haya.

Kama nawe umewahi kusimama jikoni ukihesabu vipande vya kuku kwa macho huku sauti za wageni zikisikika sebuleni, basi ukumbi wa leo ni wako.

Kwetu wali ndio chakula chenyewe, na kinacholiwa nao huitwa mboga au kitoweo. Mgeni akiletewa sahani, mlima wa wali huwa katikati na kitoweo kimejibanza kando. Kwa Wameksiko mambo ni tofauti. Kinachoshikilia nafasi ya ugali pale mezani ni tortilla, ule mkate mwembamba wa mahindi unaofanana na chapati ndogo. Wali ni msindikizaji. Katika vihoteli vyao vidogo vya chakula cha mchana, ambavyo huitwa fonda, mlo wa bei moja huletwa kwa zamu: kwanza supu, kisha wali, halafu kitoweo, pamoja na maharagwe na tortilla. Na wali huo, ajabu yake, nao huhesabiwa kuwa ni supu. Huitwa sopa seca, yaani supu kavu.

Ukilitafakari jina hilo utakuwa umeuelewa upishi wote. Huu si wali uliopakwa nyanya. Ni supu ya kuku na nyanya ambayo mchele umeinywa yote hadi ikakauka.

Na hapo ndipo lilipo jibu la mama wa Umoja. Kuku wake mmoja ataliwa mara mbili: mara ya kwanza kama supu iliyojificha ndani ya kila punje ya wali, na mara ya pili kama nyama kwenye kitoweo. Mtu aliyepata kipande kidogo cha nyama hatakuwa amekosa kuku, maana ladha yake itakuwa imetapakaa sahani nzima.

Kabla hatujawasha jiko, tuseme kidogo kuhusu asili ya chakula hiki, kwani najua wanafunzi nao huupitia ukumbi huu. Mpunga si mmea wa asili wa Meksiko. Wahispania, walioliteka jiji kuu la Waazteki mwaka 1521 wakiongozwa na Hernán Cortés, ndio walioupeleka huko katika karne hiyo ya 16. Nao Wahispania walikuwa wamejifunza kilimo cha mpunga kutoka kwa Waislamu walioingia nchini mwao mwaka 711 na kutawala sehemu zake kwa karne nyingi. Hata neno la Kihispania la mchele, arroz, limetokana na ar-ruzz ya Kiarabu. Kwa hiyo usishangae utakapoona tunaanza kwa mafuta na kumalizia kwa supu, kama wafanyavyo wapishi wa pilau kule pwani. Ni ukoo mmoja, ila matawi yaliachana kitambo.

Nyanya, kwa upande wake, ilikuwa ikilimwa Meksiko kabla Mzungu hajatia guu. Waazteki waliiita xitomatl, na hadi leo watu wa Mexico City huiita jitomate. Pilipili kali nayo ni ya huko. Avokado pia. Na mahindi, haya tunayoyapikia ugali na githeri kana kwamba yaliumbiwa Kitale, asili yake ni Meksiko, ingawa jina tulilolipa linatupeleka Bara Hindi. Tumekuwa tukila chakula cha watu wale miaka yote hii pasi na kuwashukuru. Mwaka 2010 shirika la Unesco liliuingiza upishi wa jadi wa Meksiko katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, na kikao kilichopitisha jambo hilo kilifanyika hapahapa Nairobi, mwezi wa Novemba.

Haya, tufunge leso tuingie jikoni.

Kwa watu wanane wenye kitoweo na chapati kando, pima vikombe 2 vya mchele. Kikombe nisemacho ni cha mililita 250, lakini chochote ulicho nacho kinafaa, maadamu utapimia kila kitu kwa hicho hicho. Tayarisha nyanya 3 kubwa zilizoiva sana, zile ambazo ni nyekundu hadi ndani. Nusu ya kitunguu kikubwa. Punje 2 za kitunguu saumu. Mafuta ya kupikia vijiko 5 vya mezani. Na supu ya kuku vikombe 2 na nusu. Ongeza karoti 1 iliyokatwa vipande vidogo kama punje za mahindi, nusu kikombe cha njegere mbichi (minji, kama tuziitavyo huku Nairobi), pilipili kali 2 za kijani zikiwa nzima na vikonyo vyake, kitawi cha dania, na chumvi. Basi. Hakuna iliki, hakuna mdalasini, hakuna bizari ya manjano. Najua mkono utawasha kutaka kufungua makopo ya viungo. Uzuie. Wapishi wa Texas, ng'ambo ya mpaka kule Marekani, hutia bizari nyembamba, nao wana haki ya kupika wapendavyo, lakini ukiitia wewe, pua za wakwe zitaiita pilau isiyokolea.

Kuhusu mchele wenyewe, nitasema jambo ambalo huenda likawaudhi baadhi yenu: usitumie Pishori. Ile harufu yake tamu, ambayo ndiyo fahari ya Mwea, itagombana na nyanya na zote mbili zitashindwa. Iweke kwa siku ya wali wa nazi. Mchele mrefu wa kawaida, wa bei ya chini, unafaa zaidi, mradi usiwe na chenga nyingi, kwa kuwa chenga huiva kabla ya punje nzima na kuwa uji. Wameksiko wenyewe wanajivunia mchele wa jimbo la Morelos, kusini mwa Mexico City, ambao tangu mwaka 2012 jina lake linalindwa kisheria, hata asiyeulima huko asiweze kuliandika kwenye gunia lake. Wakulima wa Mwea, ambao jina lao huonekana kwenye magunia yasiyotoka kwao, wataelewa kwa nini sheria kama hiyo ina maana.

Supu ianze mapema, ikiwezekana hata jana yake kama una friji. Mtie kuku kwenye sufuria kubwa, maji yamfunike, kisha weka kipande cha kitunguu, kitunguu saumu, chumvi kidogo na vile vijiti vya dania ambavyo kwa kawaida huvitupa. Moto uwe mdogo. Supu inayotokota kwa fujo hubadilika kuwa na rangi ya maziwa na mafuta yake huchanganyika yasiweze kuenguliwa. Kuku wa kisasa hatazidi saa moja. Wa kienyeji ana ubishi wake, mpe saa mbili au zaidi. Akiiva mtoe, chambua nyama, kisha irudishe mifupa, shingo na miguu motoni kwa nusu saa nyingine. Mifupa hii ndiyo inayoipa supu uzito. Ichuje, nawe utakuwa na supu ya kutosha wali na kitoweo, na pengine kikombe kimoja cha mpishi.

Mwanafunzi unayekaa chumba kimoja na stovu moja, najua unajiuliza kuku atatoka wapi. Mifupa ya ng'ombe kutoka buchari hutoa supu njema. Hata maji yaliyochemshiwa mboga na kitunguu yatakufaa kuliko maji matupu. Vidonge vya supu vya dukani vipo pia, ila kumbuka vimejaa chumvi. Ukivitumia, usitie nyingine kabla hujaonja.

Sasa chambua mchele. Wameksiko wana msemo kwamba hakukosekani cheusi kimoja katika wali, wakiwa na maana kuwa kila jambo jema lina dosari yake. Wewe usingoje msemo huo ukutane na jino la mkwe. Ukishauchambua, umwagie maji ya moto na uuache dakika 15. Mimina maji hayo, kisha uoshe kwa maji baridi mara tatu au nne, hadi maji yatoke bila weupe. Weupe ule ni wanga uliolegea, na ndio gundi inayozishikanisha punje. Uweke kwenye chujio, uutikise, uuache ujikaushe kwa dakika 10 au zaidi. Usipunguze dakika hizo, kwani mchele wenye maji ukikutana na mafuta ya moto utakurushia cheche, na zaidi ya hayo, hautakaangika bali utachemka.

Wakati mchele unajikausha, saga nyanya mbichi pamoja na kitunguu na kitunguu saumu. Mashine ya kusagia ikiwepo, vizuri. Isipokuwepo, nyanya zikwaruze kwenye kile kibati cha kukwaruzia karoti, maganda yabaki mkononi, kisha vitunguu uvitwange kwenye kinu. Kwa hakika hata Meksiko wapo wapishi wanaoshikilia kile kinu chao cha jiwe la volkano na kuiona mashine kama uvivu. Chuja rojo hilo kuondoa mbegu. Unahitaji kikombe 1 na nusu. Likipungua, lijazie supu kidogo. Usitumie nyanya ya mkebe peke yake. Rangi itapendeza lakini ladha itakuwa nzito na chachu, kama mchuzi wa hoteli ya kituo cha mabasi. Kijiko kimoja cha kuongezea rangi wakati nyanya za sokoni zimepauka, hicho nakusamehe.

Sasa tumefika mahali ambapo wali huu hufaulu au huharibika, kwa hiyo naomba watoto wapelekwe nje na simu iwekwe mbali.

Chukua sufuria nzito, pana kuliko ilivyo ndefu, uipashe mafuta. Dondosha punje moja ya mchele. Ikichacharika mara moja, mafuta yako tayari. Mimina mchele wote. Ugeuze kwa mwiko taratibu, bila kuupondaponda, kwa moto wa wastani, dakika nane hadi kumi. Mwanzoni punje zitashikana, utadhani umekwisha kuharibu. Endelea. Baadaye zitaachana na kugeuka kutoka rangi ya kioo hadi nyeupe kama chokaa. Wengi hukoma hapo, na hapo ni mapema mno. Ngoja hadi kingo za punje zianze kuwa na rangi ya majani makavu, na jiko linukie kama mtu anayekaanga njugu. Pia tega sikio: mwiko ukipita, mchele mbichi huwa kimya, lakini uliokaangika hulia chini ya sufuria kama changarawe.

Kwa nini tabu yote hii? Kwa sababu moto mkavu huipa punje ladha ambayo maji hayawezi kuitoa, na mafuta huizunguka ili itakapokunywa supu ivimbe peke yake bila kumng'ang'ania jirani. Ukiruka hatua hii utapata wali wa nyanya wenye rangi nzuri na mwili wa ugali. Naamini wengi waliowahi kuujaribu wali huu wakakata tamaa waliponzwa na hapa. Si nyanya iliyowaangusha; ni haraka.

Mchele ukilia, mimina rojo la nyanya kwa mpigo. Litanguruma na kurusha mvuke, kwa hiyo simama kando. Geuza mara mbili tatu, kisha uliache lichemke dakika nne au tano, hadi rojo likauke na mafuta yaanze kuonekana pembeni. Mwiko ukiburuta chini ya sufuria na njia yake ikabaki wazi kwa nukta kidogo, basi nyanya imeiva na ule ubichi wake umekwisha. Hapo mimina supu, nayo iwe ya moto. Supu baridi hushtua sufuria nzima na punje huanza kuiva kwa nje tu. Tia karoti, njegere, chumvi, na juu yake ulaze pilipili nzima na kitawi cha dania. Onja supu hiyo. Inapaswa kuwa na chumvi iliyozidi kidogo tu kuliko upendavyo, maana mchele utaimeza sehemu yake.

Koroga mara moja, na iwe ndiyo mara ya mwisho. Kuanzia hapa mwiko upumzike. Wapishi wetu wengi wana mkono usiotulia, hufunua na kugeuza, hufunua na kuonja. Kila unapofunua, mvuke unaopaswa kuupika mchele wa juu hutoroka, na kila unapogeuza, punje huvunjika na kutoa wanga ule ule uliohangaika kuuosha.

Acha sufuria wazi hadi supu ishuke na vishimo vidogo vitokeze juu ya mchele. Punguza moto uwe mdogo kabisa, tandika kitambaa safi juu ya sufuria, funika, kisha kunja ncha za kitambaa juu ya kifuniko zisije zikashika moto. Dakika 18 zatosha. Wenye jiko la makaa wana bahati: ondoa makaa mengi chini na upalie machache juu ya kifuniko, kama wanavyofanya mama zetu wa Lamu na Mombasa kwa wali wa nazi, ila kitambaa usikitumie siku hiyo. Wenye stovu ya mafuta ya taa, ambayo moto wake hupiga katikati tu, wekeni kipande cha bati nene chini ya sufuria ili joto lisambae. Ukizima, usifunue kwa dakika 10 nyingine. Halafu uinue wali kwa uma, kutoka pembeni kuelekea kati, na utaziona punje zikianguka moja moja, nyekundu kama udongo wa Thika baada ya mvua.

Jambo moja la kijiografia, wala si mzaha. Mexico City iko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, Nairobi karibu 1,700. Kadiri unavyopanda juu ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo zaidi; kule kwao ni digrii 93 hivi, Nairobi 94 na kidogo, ilhali Mombasa ni 100 kamili. Kwa hiyo vipimo nilivyotoa vimewalenga watu wa Nairobi na Nakuru. Msomaji wangu wa Eldoret, ongeza supu robo kikombe na dakika tatu. Nawe wa Mombasa, punguza robo kikombe, na uanze kuchungulia dakika ya kumi na tano.

Ukikuta kiini bado kigumu, nyunyiza robo kikombe cha supu ya moto, funika tena, mpe dakika tano. Ukikuta umelowa, ondoa kifuniko, uache juu ya moto hafifu hadi mvuke upungue, au uumwage kwenye sinia pana ukauke. Ukiwa bokoboko kamili, basi, tia supu zaidi, uwape watoto kwa vijiko na wageni uwapelekee chapati. Na kama chini pameshika ukoko mwembamba mwekundu, usiukwangue na kuutupa. Utaona watakaougombania.

Turudi mezani kwa mama wa Umoja. Vikombe 2 vya mchele huzaa karibu vikombe 6 vya wali. Kila mtu atapata sehemu yake ya haki bila mlima, na chapati mbili mbili zitashika nafasi ya tortilla. Ile nyama ya kuku uliyochambua, ipike kwa kitunguu, nyanya, pilipili kidogo na kikombe cha supu iliyobaki, dakika 20, hadi mchuzi uwe mzito. Nyama iliyochambuliwa ina heshima moja ambayo vipande havina: haihesabiki. Hakuna anayetazama paja limekwenda kwa nani. Weka maharagwe yaliyopondwa na kukaangwa kwa kitunguu, kachumbari ya kawaida, na avokado iliyokatwa, na meza itakuwa imejaa rangi kiasi kwamba hakuna atakayeuliza kuku walikuwa wangapi.

Lakini tahadhari. Kama wakwe ni watu wa Magharibi, usije ukaichambua firigisi. Itenge nzima, iende kwa mzee kwenye kisahani chake kama inavyostahili. Wali waweza kutoka Meksiko, lakini mila za kuku ni za hapa, na sitaki kuletewa lawama ukumbini.

Pilipili zile nzima zipambe sahani ya anayezipenda. Kwa kuwa hazikupasuliwa, zitakuwa zimeacha harufu yake kwenye wali bila kuwasha, hivyo watoto wanaweza kula. Ikiwa moja imepasuka, onja kwanza kabla hujawapakulia.

Wanafunzi, wali huu unatosha mlo peke yake ukiwekewa yai la kukaanga juu, kiini kikiwa laini. Hata huko Meksiko ni jambo la kawaida kabisa. Wengine huweka ndizi mbivu za kukaanga pembeni. Utamu ule na chachu ya nyanya hupatana kuliko unavyofikiri, na ndizi zinazouzwa jioni kwa bei ya kutupa, zile zenye madoa meusi, ndizo zifaazo.

Kuhusu wali uliolala, hapa sifanyi utani. Ndani ya mchele mna vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukiachwa sufuriani usiku kucha katika joto la chumba, mbegu hizo huamka na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukiupasha hadi utoe moshi. Kutapika kwa asubuhi ambako hulaumiwa maziwa, mara nyingine kumetokana na wali wa jana. Mwenye friji na aumwage kwenye sinia upoe upesi, auweke ndani kabla ya saa mbili kupita, na aule kesho yake ukiwa umepashwa moto hasa. Asiye na friji apike wa kutosha usiku ule tu. Kikombe kimoja cha mchele, rojo la nyanya robo tatu ya kikombe na supu kikombe 1 na robo vinawatosha wanafunzi watatu, na hakitabaki kitu.

Jumapili ijayo, Mungu akitujalia, nitawaeleza namna ya kuyakaanga yale maharagwe ya kuponda yasigande wala yasinukie moshi. Yalowekeni Jumamosi usiku.